Usivushe abiria mmoja mmoja: namna ya kuharakisha daftari la kompyuta

Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Walilisema zama za wino na karatasi, lakini neno lao halijazeeka. Kilichobadilika ni daftari lenyewe. Siku hizi vyama vyetu vya kufa na kuzikana, madrasa zetu, zahanati za mitaani na hata wauzaji wa jumla wa Kongowea wanaweka majina na hesabu zao ndani ya kompyuta, katika kile wataalamu wanachokiita hifadhidata. Na wanaoziunda hifadhidata hizo mara nyingi ni vijana wetu wenyewe, waliotoka vyuoni na stashahada zao kama nilivyotoka mimi miaka hiyo.

Malalamiko ninayoyasikia kwa makarani wa vyama hivyo ni yale yale: mtambo unakawia. Kuingiza michango ya miezi michache kunakula asubuhi nzima. Kazi ya kubadilisha nambari za simu za wanachama inaachwa ikiendelea usiku, na kunakucha haijesha. Dawa wanayoandikiwa nayo ni ile ile: nunueni kompyuta mpya, lipieni seva kubwa zaidi. Wanachama wanachanga, pesa zinatoka, mtambo mpya unafungwa, na baada ya wiki mbili kilio kinarudi pale pale.

Ndugu msomaji, mara nyingi ugonjwa hauko katika kompyuta. Uko katika namna kijana alivyoiamuru kompyuta iandike. Leo nataka nieleze njia za kuingiza mistari mipya na kusahihisha ya zamani, ipi ina kasi kushinda ipi, na kwa nini. Anayeandika programu atapata la kufanya. Na mwenyekiti au mweka hazina asiyeandika programu atapata la kuuliza kabla ya kutoa pesa za watu.

Haraka hii ni ya nini?

Kuna watakaosema, karani akingoja saa mbili kuna ubaya gani? Na aweke chai angoje.

Tazama chama cha kufa na kuzikana. Kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, aghlabu ikifika adhuhuri au alasiri ashasitiriwa. Katika saa hizo chache jamaa wa marehemu wanamwendea karani ili chama kitoe gharama za sanda, gari na wachimbaji kaburi. Karani anafungua daftari. Ikiwa michango ya miezi minne bado inaingizwa mmoja mmoja, jina la marehemu linaweza kuonyesha kwamba hajalipa tangu mwezi wa tatu, ilhali mtu wa watu alilipa kwa simu yake kila mwezi na ujumbe wa kuthibitisha anao. Mjane anaambiwa arudi kesho. Kesho ya nini, na maziko ni leo?

Hilo ndilo ninalolizungumzia. Kasi ya daftari si jambo la kujionyesha baina ya mafundi. Kuna watu wanaosimama dirishani kwa sababu yake.

Kompyuta inafanya nini inapoandika mstari mmoja

Watu wengi hudhani kuandika mstari mmoja ni jambo moja. Ni mambo mengi. Kwanza amri inasafiri kutoka programu yako hadi kwenye hifadhidata. Kisha hifadhidata inaisoma amri na kuielewa, kama vile karani anavyosoma barua kabla ya kuijibu. Halafu inakagua: nambari hii ya mwanachama iko tayari? Tarehe hii ni tarehe ya kweli? Kisha inauandika mstari, na inaandika pia katika kila faharasa ya jedwali hilo. Mwisho inaandika katika shajara yake kwamba jambo limefanyika, na inangoja diski ithibitishe kuwa maandishi yametua kweli, ili umeme ukikatika sekunde inayofuata kisipotee kitu.

Katika yote hayo, mara nyingi kuandika mstari wenyewe ndiko kunakochukua muda mchache kabisa. Muda unaliwa na safari na kungoja. Basi siri yote ya kasi ni hii: punguza safari, punguza kungoja.

Feri ya Likoni inatufundisha

Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji mfano wa mbali. Feri ya Likoni ikivuka kwenda upande wa pili inatumia muda karibu ule ule, ikiwa imebeba mtu mmoja au imejaa pomoni. Hebu fikiria nahodha angeamua kuvusha abiria mmoja, arudi, achukue wa pili, avuke, arudi tena. Foleni ingefika wapi? Watu wangesema mtu huyu ana wazimu. Hata ukimnunulia feri yenye injini kubwa mara mbili, foleni haitakwisha.

Programu nyingi zinazokawia zinafanya hivyo hasa. Kila mstari unaingizwa kwa amri yake ya INSERT, na kila amri inathibitishwa peke yake. Huko kuthibitisha ndiko kuvuka. Katika lugha ya hifadhidata, kila kuvuka kunaitwa muamala. Usipoiambia hifadhidata kwamba mistari yako yote ni muamala mmoja, itaufanya kila mstari kuwa muamala wake.

Tofauti si ndogo. Waundaji wa SQLite, hifadhidata ndogo iliyotengenezwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo leo imo ndani ya simu karibu zote za mkononi, wanaeleza wenyewe kwamba katika kompyuta ya kawaida ya mezani inaweza kuingiza mistari 50,000 au zaidi kwa sekunde moja, lakini miamala inayoweza kuthibitisha kwa sekunde ni makumi machache tu. Sababu ni diski. Kwa diski ya kuzunguka yenye mizunguko 7,200 kwa dakika, miamala ni kama 60 kwa sekunde.

Sasa piga hesabu. Chama kina wanachama 5,000, na karani ameleta taarifa ya malipo ya miezi minne, yaani mistari 20,000. Kila mstari ukiwa muamala wake, kwa kasi ya 60 kwa sekunde, ni zaidi ya dakika tano na nusu. Mistari yote ikiwa ndani ya muamala mmoja, ni chini ya sekunde moja. Kompyuta ni ile ile. Kilichoongezwa ni amri mbili: BEGIN kabla ya mstari wa kwanza, na COMMIT baada ya mstari wa mwisho.

Na kuna faida ya pili iliyo kubwa kuliko kasi. Muamala ni wote au hakuna. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata inarudi ilivyokuwa kabla ya kuanza. Hutabaki na daftari ambalo nusu ya wanachama wameingizwa na nusu hawajaingizwa, na hujui ulikomea wapi. Katika PostgreSQL, hata karani wa dirisha la pili anayesoma wakati ule anaendelea kuliona daftari la zamani likiwa zima, hadi utakapothibitisha, ndipo aone jipya likiwa zima.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya nyengine zote, ni kufunga kazi yako ndani ya muamala mmoja. Ikiwa hifadhidata ni SQLite na iko ndani ya kompyuta ile ile, hatua hii pamoja na kauli iliyoandaliwa mara moja na kutumiwa tena na tena kwa kila mstari yatosha kwa vyama vingi.

Seva ikiwa ng'ambo

Lakini vyama vingi sasa vimeweka hifadhidata katika seva ya kukodi, na seva hiyo huenda iko Ulaya. Tangu nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009 tumeizoea intaneti ya kasi, hata tukasahau kwamba umbali bado ni umbali. Ishara inakwenda na kurudi, na kila safari ina gharama yake.

Tuseme safari moja ya kwenda na kurudi ni sehemu 150 za elfu za sekunde. Ni muda wa kupepesa jicho, hakuna anayeuhisi. Lakini mistari 20,000, kila mmoja na safari yake, ni sekunde 3,000, yaani dakika 50. Hapa hata muamala mmoja hautakuokoa, kwa sababu muamala umepunguza kungoja diski lakini haujapunguza safari.

Dawa yake ni kuweka mistari mingi ndani ya amri moja. Amri ya INSERT inakubali mistari mingi kwa pamoja, ukiitenganisha kwa mkato. Ukifunga mafungu ya mistari 1,000, basi mistari 20,000 ni safari 20 tu, na safari 20 ni sekunde tatu za njiani. Kutoka dakika 50 hadi sekunde tatu, na hukununua kitu.

Usijaribu kuiweka mistari yote 20,000 katika amri moja, maana kuna mipaka. PostgreSQL haikubali zaidi ya vigezo 65,535 katika amri moja iliyoandaliwa. Jedwali lenye safu tano likiwa na mistari 1,000 ni vigezo 5,000, uko salama. Mistari 20,000 ni vigezo 100,000, itakataa. Tena fungu likizidi sana ukubwa faida haiongezeki, ila kumbukumbu ya kompyuta ndiyo inayojaa. Fungu la mia kadhaa hadi elfu moja ni pa kuanzia pazuri.

Njia ya mzigo mkubwa

Iko njia yenye kasi kuliko hiyo. Hifadhidata kubwa zina mlango wa nyuma wa kupakulia mzigo mzima, kama vile jahazi linavyopakuliwa kwa winchi badala ya wachukuzi kubeba gunia moja moja begani. Katika PostgreSQL mlango huo unaitwa COPY. Katika MySQL ni LOAD DATA. Unaipa faili iliyopangwa safu kwa safu, nayo inaimeza yote kwa mkupuo bila kusoma amri mpya kwa kila mstari. Maelezo rasmi ya MySQL yanasema LOAD DATA kwa kawaida ina kasi mara 20 kuliko kutumia amri za INSERT.

Ila mlango huu ni mkali. COPY ikikuta mstari mmoja mbovu, tuseme tarehe iliyoandikwa visivyo, inasimama na kukataa faili yote. Toleo la 17 la PostgreSQL, lililotoka mwaka 2024, limeongeza namna ya kuiambia iruke mistari yenye makosa ya aina hiyo, lakini katika hesabu za watu mimi sipendi kuruka. Mstari unaorukwa ni mchango wa mtu. Na jambo la pili, COPY inaingiza tu, haisahihishi. Ikiwa mwanachama tayari yumo na ufunguo wake ni wa kipekee, COPY itakataa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi ngumu zaidi.

Aliyemo asahihishwe, asiyekuwemo aingizwe

Kazi ya karani kwa kawaida si kuingiza majina mapya matupu. Orodha inayokuja imechanganyika. Huyu ni mwanachama wa zamani aliyebadilisha nambari ya simu. Yule ni mgeni aliyejiunga juzi. Vijana wengi huiandika kazi hii kwa namna inayokuja kwanza akilini: tafuta kama yumo, akiwemo, sahihisha, asipokuwemo, ingiza. Kwa kila mstari ni safari mbili. Zile dakika 50 zinakuwa saa moja na dakika 40.

Na ubaya wake hauishii kwenye kukawia. Makarani wawili wakifanya kazi saa moja, wote wanaweza kumtafuta Bi mkubwa mmoja kwa wakati ule ule, wote wakaambiwa hayumo, na wote wakamwingiza. Sasa yuko mara mbili. Mchango wake nusu uko huku na nusu uko kule, na siku ya haja kila upande unaonyesha hakutimiza.

Hifadhidata zenyewe zinaijua kazi hii na zinaifanya kwa amri moja. Katika PostgreSQL ni INSERT yenye ON CONFLICT DO UPDATE, iliyokuja na toleo la 9.5 mnamo Januari 2016. SQLite ilichukua mtindo huo huo katika toleo la 3.24 la Juni 2018. MySQL ina ON DUPLICATE KEY UPDATE. Maana yake ni moja: jaribu kuingiza, ukikuta ufunguo huo umo tayari, sahihisha mstari uliopo. Yanafanyika kwa pigo moja, na makarani wawili hawawezi kupishana katikati.

Amri hii ina masharti yake, na hapa naomba vijana wanisikilize vizuri.

Sharti la kwanza ni ufunguo wa kipekee. Bila huo hifadhidata haiwezi kujua nani ni nani. PostgreSQL ikikosa ufunguo huo itakataa amri waziwazi. MySQL haitakataa, itaingiza tu mstari mwengine bila kusema neno, na hutajua mpaka daftari limejaa majina pacha.

Sharti la pili ni kuchagua ufunguo kwa busara. Jina halifai, maana katika mtaa mmoja wa Kisauni utawapata akina Fatma Ali wangapi? Nambari ya simu haifai, watu wanabadilisha laini, na tena yuko anayeiandika ikianza na 07 na mwengine ikianza na 254. Nambari ya kitambulisho ni bora, lakini wako wenzetu wa pwani ambao hawajapata kitambulisho hadi leo, na watoto hawana. Kwa chama, lililo salama ni kila mwanachama apewe nambari ya uanachama isiyobadilika.

Kwa michango ni rahisi zaidi. Kila malipo ya M-Pesa yana msimbo wake wa kuthibitisha, ule wa herufi na tarakimu unaoanza ujumbe. Ufanye huo uwe ufunguo wa kipekee wa jedwali la michango, na uweke ON CONFLICT DO NOTHING. Hapo hata karani akiipakia taarifa ya mwezi ule ule mara tatu, kila mchango utabaki mmoja. Kazi ambayo waweza kuirudia bila madhara ni kazi ya kuilalia usingizi.

Usiweke jumla ya michango katika safu moja na kuiongeza kila unaposahihisha. Faili ikipakiwa mara mbili, jumla inakuwa maradufu na hakuna atakayeweza kukuonyesha ilikotoka. Weka kila mchango mstari wake, jumla ipigwe inapoulizwa.

Sharti la tatu ni kujihadhari na amri ya REPLACE inayopatikana katika MySQL na SQLite. Inaonekana kama njia ya mkato, na ni fupi kuiandika. Lakini haisahihishi. Inaufuta mstari wa zamani kisha inaandika mpya. Safu ambazo hukuzitaja katika amri yako zinapoteza yaliyomo. Na ikiwa majedwali yamefungamanishwa kwa namna ya kwamba mwanachama akifutwa na michango yake ifutwe, basi umebadilisha nambari ya simu ya mzee wa watu na kumfutia michango ya miaka kumi. Nimewahi kuitwa katika chama kimoja kutazama daftari lililofikwa na hayo. Mtambo ulikuwa na kasi kweli kweli. Kilichookoa ni kwamba mweka hazina, bibi wa makamo asiyeamini kompyuta, alikuwa bado anaweka stakabadhi zote katika boksi la viatu. Walikaa jioni tisa kuziingiza upya.

Jedwali la mapokezi

Ukiyaunganisha yote tuliyoyasema, njia ninayoipendekeza kwa mzigo mkubwa uliochanganyika, katika PostgreSQL, ni hii.

Fungua muamala. Tengeneza jedwali la muda, ambalo mimi huliita jedwali la mapokezi, yaani kama baraza ya nje ambapo mgeni huketi kabla ya kukaribishwa ndani. Pakia faili yote humo kwa COPY. Jedwali la muda haliandikwi katika shajara kuu, kwa hiyo kasi yake ni kubwa zaidi. Kisha kagua hapo barazani: nambari zipi zimerudiwa, tarehe zipi si za kweli, nani hana nambari ya uanachama. Nambari za simu zipange zote kwa mtindo mmoja. Walio na kasoro watenge katika orodha ampe karani aulize, na waliobaki wapitishe ndani kwa amri moja tu ya INSERT inayosoma kutoka jedwali la mapokezi, ikiwa na ON CONFLICT DO UPDATE. Kisha thibitisha.

Hakikisha umeondoa waliorudiwa kabla ya kuwapitisha. PostgreSQL haikubali amri moja isahihishe mstari ule ule mara mbili, itasimama na kurudisha kazi yote.

Na ongeza sharti la kusahihisha pale tu palipobadilika kitu. Katika PostgreSQL kusahihisha si kufuta maandishi na kuandika juu yake. Inaandika nakala mpya ya mstari, na ile ya zamani inabaki kama takataka hadi ifagiliwe na kazi inayoitwa VACUUM. Ukisahihisha wanachama 5,000 kumbe waliobadilisha simu ni 40, umeacha mistari mfu 5,000 bila sababu. Fanya hivyo kila siku na jedwali litavimba na kuwa zito.

Faharasa ni rafiki na ni mzigo

Faharasa ni kama orodha ya mwisho wa kitabu, inakufikisha kwenye ukurasa moja kwa moja. Unaposahihisha, safu unayotafutia lazima iwe na faharasa. Bila hiyo kila kutafuta ni kulisoma jedwali zima. Mistari 20,000 ikitafutwa katika jedwali la mistari 20,000 bila faharasa, hifadhidata yaweza kulazimika kutazama mistari milioni 400. Hapo hakuna seva itakayokusaidia.

Lakini kila faharasa ni daftari la ziada linalopaswa kuandikwa kila mstari unapoingia. Jedwali lenye faharasa nane linaandikwa mara tisa. Nimeona majedwali ambayo kila safu ina faharasa, hata safu ya maoni ambayo hakuna anayetafutia. Baki na zile zinazotumika. Na ukiwa unapakia daftari zima kwa mara ya kwanza, pakia kwanza kisha ndipo utengeneze faharasa za kawaida. Zile za ufunguo wa kipekee usiziguse katika kazi ya kila siku, maana hizo ndizo mlinzi wa mlango.

Kasi isiyofaa kununuliwa

Kuna kijana atakayekwambia anaweza kuongeza kasi zaidi kwa kuzima ule ungojaji wa diski. Ni kweli anaweza. PostgreSQL ina mpangilio unaoitwa fsync. Ukiuzima, hifadhidata haingoji tena, inadhani tu kwamba diski imeandika. Umeme ukikatika wakati huo, si mistari ya mwisho pekee inayopotea, hifadhidata nzima yaweza kuharibika isifunguke. Kwa hapa kwetu ambapo umeme unakatika bila hodi, hiyo ni kamari. Upo mpangilio mwengine, synchronous_commit, ambao ukiuzima waweza kupoteza miamala ya sekunde za mwisho lakini hifadhidata haiharibiki. Huo unaweza kufaa kwa mambo madogo kama kumbukumbu za nani alifungua ukurasa gani. Kwa pesa za watu, hapana.

Basi uchague ipi?

Ikiwa mistari ni michache, kumi au ishirini kwa siku, usijisumbue. Amri ya kawaida yatosha, ilimradi ufunguo wa kipekee uwepo. Ikiwa ni mamia hadi maelfu machache, funga muamala mmoja na uweke mistari mingi katika kila amri, pamoja na ON CONFLICT. Ikiwa ni makumi ya maelfu na zaidi, au faili imetoka nje na huna hakika na usafi wake, tumia COPY na jedwali la mapokezi.

Na usiniamini mimi wala mwengine kabla ya kupima. Chukua nakala ya hifadhidata, si ile ya kazi, jaribu njia mbili, tazama saa. PostgreSQL ina EXPLAIN ANALYZE inayokuonyesha muda umeliwa wapi. Nakala hiyo ya majaribio ibadilishwe majina na nambari za simu, isizunguke na kijana katika laptopu yake mpaka mkahawani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde habari za watu, na inatutaka pia ziwe sahihi. Haki ya mtu kusahihishiwa habari zake imo katika sheria hiyo.

Kwa viongozi wa vyama, msije mkababaishwa na maneno makubwa. Kabla ya kukubali kununua seva mpya, mkalisheni fundi wenu na mumuulize maswali matatu. Je, mistari inaingizwa ndani ya muamala mmoja, au kila mmoja peke yake? Faili ya mwezi huu ikipakiwa mara mbili kwa bahati mbaya, kutatokea nini? Na nakala ya akiba ya mwisho ilichukuliwa lini, na imewahi kujaribiwa kurudishwa? Akijibu matatu hayo kwa utulivu, ana haki ya kuomba seva. Akibabaika, mpeni kwanza wiki moja airekebishe programu yake, na pesa za seva zibaki katika mfuko zilikokusudiwa, kwa wafiwa.